Kabla ya mabati, ulizeni kiwanja ni cha nani

Wiki haipiti bila ujumbe wa kuomba msaada wa nyumba kuingia katika makundi yetu ya WhatsApp. Pana picha ya kibanda kilichoinama upande mmoja, mama amesimama mlangoni na watoto wake, na chini yake namba ya kutuma pesa. Ukikaribia mwezi mtukufu wa Ramadhani, ujumbe kama huo huja mara tatu kwa siku. Watu wa Pwani si wagumu wa mkono. Kabla ya magharibi mmoja ameahidi mabati, mwingine saruji, na aliye Muscat au London ametuma chake. Baada ya mwezi huja picha ya pili: nyumba mpya, mlango wa buluu, na dua nyingi kwa waliochanga.

Picha ya tatu hatuletewi. Ni ile ya miaka mitano baadaye. Huenda mama yule angali ndani ya nyumba yake, na huenda nyumba iko mikononi mwa shemeji, naye amerudi kukodi chumba kimoja. Tofauti ya hali hizo mbili haitokani na uzito wa mabati. Hutokana na karatasi ya kiwanja, ambayo siku ya kuchanga hakuna aliyeiulizia.

Mimi na wenzangu watano tulisoma ujenzi pamoja, ngazi ya diploma, na kila tukipata nafasi hujitolea kujengea familia zisizojiweza. Mmoja wetu afanya kazi Isiolo, na ndiye aliyetupeleka mtaa wa Kiwanjani. Makala haya yanaeleza kazi hiyo inavyokwenda, hatua kwa hatua, ili kikundi kingine cha marafiki kikitaka kufanya vivyo hivyo Kilifi, Kwale, Lamu au Tana River kijue pa kuanzia. Nitakaa zaidi kwenye suala la ardhi, kwa sababu ndilo linaloamua kama msaada utadumu.

Kiwanjani na sisi wa Pwani

Isiolo iko karibu kilomita 280 kaskazini ya Nairobi, pale nyanda za juu za Meru zinapoteremka na kukutana na nchi kavu ya wafugaji. Mjini humo waishi Waborana, Wasomali, Waturkana, Wameru na Wasamburu, na sokoni lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Kiwanjani ni mtaa ulio kando ya uwanja wa ndege, na jina lake lakueleza hivyo kabla hujafika. Kwa miaka mingi uwanja wenyewe ulikuwa njia ndogo ya kutulia ndege. Baadaye ukapanuliwa, na mwezi wa Julai 2017 ukafunguliwa rasmi kuwa uwanja wa kimataifa.

Msomaji wa Lamu aijua habari hii kwa mlango mwingine. Mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mwezi wa Machi 2012, unaanzia kwenye bandari yetu, upite Garissa, na Isiolo ndipo njia zinapogawanyika kuelekea Ethiopia na Sudan Kusini. Ramani ile ile iliyopandisha bei ya ardhi Lamu ndiyo iliyoipandisha Isiolo. Uwanja wa ndege ulipopanuliwa, watu wa mitaa ya kando yake waliguswa, na malalamiko ya viwanja vya badala yamekaa muda mrefu. Mahali pakipanda thamani, ndugu ambao jana hawakukijali kiwanja cha marehemu leo wanakikumbuka.

Mtu wa Pwani hana haja ya kufundishwa uchungu huu. Mombasa tuna jambo ambalo wageni huona ajabu: nyumba bila ardhi. Mtu amejenga, kuta ni zake, paa ni lake, lakini udongo ulio chini ni wa mwingine, naye humlipa kodi ya ardhi kila mwezi. Mitaa kama Majengo ilikua hivyo. Aidha twajua yaliyotokana na sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyowataka watu wa ukanda wa Pwani wajitokeze kudai ardhi zao kwa maandishi. Wengi hawakudai, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wajukuu wao leo waitwa maskwota kwenye mashamba ambayo mababu zao wamezikwa. Sisi basi tungekuwa wa kwanza kumwuliza mama wa kwenye picha: kiwanja ni cha nani?

Karatasi zinazohitajika

Swali hilo lina majibu ya aina nyingi, na kila jibu lina kazi yake.

Akisema ana hati miliki, piga nakala uende ofisi ya ardhi ya kaunti ufanye uchunguzi rasmi wa daftari. Utaambiwa jina la mwenyewe, ukubwa wa kiwanja, na kama kuna mkopo au zuio la mahakama juu yake. Malipo yake si ya kumtisha mtu aliye tayari kununua saruji.

Akisema ana barua ya ugawaji, nenda polepole. Katika miji mingi ya kaskazini, na hata kwetu, watu wameishi miaka mingi kwa barua hizo na huziita hati. Mahakama ya Juu ya Kenya, katika uamuzi wake wa Septemba 2023 kwenye kesi ya kampuni ya Torino, ilisema wazi kwamba barua ya ugawaji peke yake haimpi mtu umiliki wa ardhi. Ni ahadi yenye masharti: kukubali kwa maandishi, kulipa ada zilizotajwa, kufanya hayo ndani ya muda uliowekwa, kisha kufuatilia usajili. Kwa hiyo uliza risiti. Barua yenye risiti zake zote ni mwanzo mzuri. Barua iliyokaa sandukuni miaka 15 bila kulipiwa chochote ni karatasi tu, na yawezekana kiwanja kile kile kimegawiwa mtu mwingine.

Akisema ni ardhi ya jamii, basi kuna Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, na ruhusa hutoka kwa jamii yenyewe kupitia kamati yake. Mzee mmoja wa mtaa kukwambia kwa mdomo kwamba jengeni tu hakutoshi.

Akisema yuko pembeni ya barabara au ya uwanja wa ndege na hakuna aliyewahi kumsumbua, usijenge nyumba ya kudumu. Ni kweli kwamba marekebisho ya sheria za ardhi ya mwaka 2016 yanataka mtu apewe notisi ya miezi mitatu kabla ya kuondolewa. Notisi haiokoi ukuta. Familia kama hiyo bora isaidiwe kwa kitu kinachong'oleka na kubebeka: mabati, nguzo, mlango na tangi la maji.

Baada ya umiliki huja kibali. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 yataka ujenzi upate idhini ya kaunti, na afisa wa mipango ndiye atakayekuonyesha kama kiwanja kimeingia kwenye hifadhi ya barabara. Mahali palipo karibu na uwanja wa ndege, kama Kiwanjani, iko pia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ambayo idhini yake yahitajika kwa majengo ya jirani na viwanja vya ndege. Nyumba ya chini haitafikia ndege, lakini mtu akiwa na karatasi mkononi hasumbuliwi na kila anayepita na kofia ya ofisi.

Mjane, mayatima na kiwanja cha babu

Nitaeleza kisa kimoja cha Kiwanjani kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo Waislamu wengi hawalijui mpaka liwafike.

Mama mmoja aliachwa na watoto wanne. Mumewe alifariki, naye alibaki kwenye kiwanja cha mkwewe, babu wa watoto, katika kibanda cha miti na magunia kilichokandikwa udongo upande mmoja tu. Kiwanja kilikuwa na barua ya ugawaji kwa jina la mzee, na risiti zake zilikuwapo, zimehifadhiwa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mzee yu hai, ana wana wengine watatu wa kiume. Kila mtu alituambia kiwanja hakina matata.

Ustadh aliyekuwa pamoja nasi ndiye aliyeuliza: mume wa mama huyu alikufa kabla ya baba yake, sivyo? Akaambiwa ndivyo. Basi, akasema, mzee akifariki leo, hawa wajukuu hawarithi kitu. Katika sheria ya mirathi ya Kiislamu, wana wa mzee walio hai huwazuia wajukuu ambao baba yao alitangulia. Mjane naye harithi kwa mkwewe. Tungesimamisha nyumba ya mawe, kisha siku ya arubaini ya mzee nyumba ile ingekuwa imesimama juu ya mali ya ami zao watatu. Ami wakiwa wema, mama angekaa. Wasipokuwa wema, hana pa kushika.

Njia zilikuwa mbili, na zote zahitaji mzee awe hai. Ya kwanza ni wasia: kwa kuwa wajukuu hao si warithi, babu aweza kuwausia hadi thuluthi ya mali yake. Ya pili ni hiba: awape sehemu ya kiwanja sasa, kwa hiari yake, mbele ya mashahidi, na wakabidhiwe sehemu hiyo angali hai. Hiba isiyokabidhiwa ni maneno matupu, na hapo ndipo familia nyingi hukosania kaburini.

Mzee alitaka hiba. Mwanawe mkubwa hakutaka. Alituambia bila kuficha, "Nyumba jengeni, Mungu awalipe. Lakini kiwanja ni cha ukoo." Mambo yakakaa hapo majuma kadha. Huku nyuma waliochanga wakaanza kuuliza picha ziko wapi, na wawili wakaomba pesa zao zipelekwe kwa familia nyingine. Tuliwarudishia. Baadhi ya watu waliona tumekawiza heri kwa ajili ya makaratasi, na mama mwenyewe aliingiwa na hofu kwamba tutaondoka. Mvua za Oktoba hazikuwa mbali.

Tulipokaa na yule shemeji peke yake, ikabainika kwamba hofu yake haikuwa mjane. Hofu yake ilikuwa sisi. Alikuwa ameona viwanja vya jirani vikimegwa na watu waliokuja kwa jina la msaada, na hakuna mpaka wowote uliopimwa baina ya sehemu yake na za nduguze. Basi mzee akaita wanawe wote baada ya swala ya alasiri, akiwepo imamu, chifu na majirani wa pande zote nne. Akasema, "Wanangu, mimi sigawi kiwanja kwa wageni. Nawapa watoto wa ndugu yenu mahali pa baba yao." Kisha likakubaliwa jambo lililowatuliza wote: mpimaji aitwe, aweke mawe ya mipaka ya sehemu ya mayatima na ya kila mwana mwingine pia, na gharama ya kupima itoke kwenye mchango wetu. Hati ya hiba ikaandikwa, wana wakaweka sahihi, mke wa mzee naye akaridhia kwa maandishi, na nakala ikapelekwa kwa Kadhi. Sehemu ile iliandikwa ni ya watoto, na mama yao mwangalizi.

Ndipo tukanunua saruji.

Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu Pwani kimejaa tele. Ni wangapi kwetu waliojengewa chumba uani kwa mkwe? Katiba ya 2010 imeziweka mahakama za Kadhi katika ibara ya 170 kushughulikia ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu wanaokubali kwenda huko. Tuwaendee kabla ya ugomvi, wakati watu wangali wanasalimiana. Familia isiyo ya Kiislamu nayo itafuata Sheria ya Urithi, na chifu au wakili wa msaada wa sheria ataielekeza. Mwanamke aliyefiwa na mume mwenye kiwanja chake mwenyewe naye asinyamaze. Fungu lake ni thumni, yaani moja kwa nane, mumewe akiwa ameacha watoto, na robo akiwa hakuacha. Linajulikana na halihitaji huruma ya mtu.

Kuchagua familia

Msichague kwa simu. Picha iliyopigwa vizuri humpa nyumba aliye na jamaa mwenye kamera nzuri. Sisi huomba majina kutoka sehemu zaidi ya moja: msikitini, kanisani, kwa wazee wa nyumba kumi, na kwa mwalimu wa shule ya msingi, ambaye ajua watoto gani hulowa usiku. Majina yanayotajwa na watatu kati yao ndiyo tunayoyatembelea.

Katika mji kama Isiolo jambo hili ni zito zaidi. Makabila ya huko yamewahi kugombana kwa ajili ya malisho, maji na mipaka, na kikundi cha wageni kikijengea upande mmoja tu hutiliwa maana ambayo hakikuikusudia. Nyumba ya mama Msomali mwaka huu na ya mama Mturkana mwaka ujao hufanya kazi ambayo hotuba haifanyi. Tena tangazeni hesabu hadharani: kiasi kilichoingia, kilichotumika na kilichobaki. Nauli na chakula cha sisi tunaokwenda hakitoki kwenye mchango hata siku moja. Na watoto wasipigwe picha nyuso zao. Kesho watakuwa vijana, na umasikini wao utakuwa bado unazunguka kwenye simu za watu.

Nyumba yenyewe

Nyumba tunayojenga ni ndogo: mita 6 kwa 4, vyumba viwili, na msingi ulioachwa tayari kwa chumba cha tatu. Mambo machache yafaa kuangaliwa.

Udongo kwanza. Tia udongo kwenye chupa hadi thuluthi, jaza maji, weka chumvi kidogo, tikisa, uache siku nzima. Mchanga utatua chini na mfinyanzi utakaa juu. Ukiwa na mchanga mwingi kuliko mfinyanzi, udongo huo wafaa kufyatulia matofali ya kushindiliwa kwa mashine ya mkono, yenye saruji kidogo, ambayo hayahitaji kuni za kuchomea. Ukiwa mweusi na wa kupasuka kiangazi, usiutumie, na msingi uchimbwe mpaka ufike kwenye udongo mgumu, kwa maana udongo mweusi huvimba na kusinyaa na kupasua ukuta.

Maji ni gharama. Matofali ya namna hiyo yataka kunyunyiziwa na kufunikwa nailoni kwa siku 7 angalau, na nchi kavu kila mtungi huja kwa mkokoteni wa punda. Tusipoyapangia maji bajeti, tofali hukauka upesi na kumomonyoka kwa mvua ya kwanza.

Upepo wa Isiolo hauna mchezo. Mabati huko hayang'olewi na mvua, hung'olewa na upepo uliopita chini ya paa. Waya wa kufungia boriti ufukiwe ndani ya ukuta, matofali matatu chini ya mwisho wake, kisha uvutwe juu na kukazwa. Misumari ya mabati iwe ya kofia. Madirisha yakabiliane ili hewa ipite, kama tunavyofanya nyumba zetu za Pwani, na pawe na tundu la juu lenye wavu la kutolea joto la mabati.

Tena usisahau mfereji wa paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 24 za mraba likipata mvua ya milimita 10 hupokea lita 240, sawa na mitungi 12 ya lita 20, ukitoa kidogo kinachopotea. Kwa mama anayenunua maji, mfereji na tangi vyamfaa kila mwezi kuliko rangi ya ukutani. Choo nacho kijengwe pamoja na nyumba. Nyumba isiyo na choo haijakwisha.

Nani ajenge? Mafundi wawili wa mtaa ule ule, wanaolipwa ujira wao kamili. Kujitolea kwetu kusimnyang'anye kijana wa Kiwanjani kibarua. Sisi hubeba mawe, huchota maji, huchanganya zege na kusimamia vipimo. Fundi wa huko aujua upepo wa kwao, nasi hujifunza kwake.

Jasho la mwenye nyumba

Mwenye nyumba naye awe na mkono kazini. Wagiriama wana mweria, ambapo watu hulimiana na kujengeana kwa zamu, na hakuna anayekaa akitazama. Hata shirika kubwa la Habitat for Humanity, lililoanzishwa Marekani mwaka 1976 na kuingia Kenya 1982, lilijengwa juu ya kanuni hiyo: familia huweka jasho lake, kisha hulipa kidogo kidogo bila faida juu. Waanzilishi wake, Millard Fuller na mkewe Linda, walikuwa wameijaribu kanuni hiyo mjini Mbandaka, Zaire, kabla ya kurudi kwao. Ni Wakristo, lakini mkopo usio na riba si jambo geni kwetu.

Wanawake wa kaskazini hawafundishwi kujenga. Kwa Wasomali, Waborana na Waturkana, nyumba ya kuhama ya fito zilizopindwa, mikeka na ngozi hujengwa na mwanamke, naye ndiye mwenyewe. Ajabu ni kwamba familia ikihamia mjini na nyumba ikawa ya mawe, jina kwenye karatasi hugeuka kuwa la mwanamume. Kuandika jina la mama au la watoto kwenye kiwanja kwa hiyo ni kuirudisha desturi yao wenyewe mahali pake.

Zaka, sadaka au wakfu?

Watu hutuuliza kama yafaa kutoa zaka kwa ujenzi. Mimi si sheikh, na kila mtu amwulize wake. Tulilofahamishwa ni kwamba zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Sura ya Tawba, masikini na fukara wakiwa wa mwanzo, na wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi, husisitiza mali hiyo iingie katika milki ya anayepewa. Tazama basi jambo hili linavyorudi pale pale. Nyumba ya pesa za zaka iliyojengwa juu ya kiwanja cha shemeji imemtajirisha shemeji. Ndiyo maana pesa za zaka sisi huziweka mbali na za sadaka. Za zaka huenda kwa familia yenye kiwanja chake tu. Gharama za kupima, hati na usafirishaji hutoka kwenye sadaka.

Pale familia isipokuwa na ardhi kabisa, iko njia ya wakfu: wahisani wanunue kiwanja, wakiweke wakfu kwa makazi ya wajane na mayatima, kisikuzwe wala kisirithiwe. Tume ya Wakfu ina makao yake Mombasa, nasi wa Pwani tuko karibu nayo kuliko watu wa Isiolo. Pwani yetu ina misikiti na visima vingi vya wakfu. Nyumba za wajane za wakfu ni chache mno.

Mara nyingine picha ikija

Ujumbe ujao ukiingia kwenye kundi lenu, kabla hamjaandika nani atatoa nini, aliye karibu na familia ile ajibu maswali haya: Kiwanja kina karatasi gani, kwa jina la nani? Mwenye jina yu hai? Akifa leo, nani atarithi? Majirani wanne wanaujua mpaka? Kaunti imeruhusu? Majibu yakiwa mazuri, changeni siku hiyo hiyo. Yakiwa mabaya, mchango wa kwanza uwe nauli ya mama kwenda ofisi ya ardhi na kwa Kadhi, pamoja na ada ya mpimaji. Hakuna atakayeupigia makofi mchango huo, kwa sababu hati ya hiba haipendezi pichani kama mlango wa buluu. Lakini ukiwa na shilingi elfu chache tu na wataka sadaka yako ikae, anza nazo hapo.